Namna ya Kufufua Kisima cha Kijiji na Kuyatunza Maji Yake Hadi Nyumbani

Kabla kijiji hakijaandika barua ya kuomba kisima kipya, ni vyema mwenyekiti, mtendaji na wajumbe wa serikali ya kijiji wakaenda kwa miguu hadi kwenye kile cha zamani wakakiangalia kwa macho yao. Mara nyingi watakuta pampu imesimama palepale ilipojengwa, mkono wake umefungwa kamba ya katani, sakafu imepasuka, na njia waliyokuwa wakipita akina mama imeota majani. Kuchimba na kujenga kisima kipya kunagharimu mamilioni ya shilingi, ilhali kilichokiua cha zamani pengine ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani, ambacho hakuna aliyekabidhiwa jukumu la kukinunua wala fedha ya kukinunulia. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo ya kufufua, kuanzia kisimani, kupitia kwenye daftari la fedha na shimo la choo, hadi kwenye kata inayotekea maji ya kunywa nyumbani. Umeandikwa kwa kuyafikiria mazingira ya vijijini Tanzania, hasa visima vifupi vya pampu za mkono, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotegemewa na watu wasio na uwezo pale ambapo bomba halijafika.

Kilikufa kwa nini?

Swali hili lisiulizwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji peke yake. Mkutanoni huzungumza zaidi wanaume, na wengi wao hawajabeba ndoo ya maji tangu walipooa. Wanaojua habari za kisima ni mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni na binti anayetumwa maji kabla ya kwenda shule. Wafuateni majumbani, au bora zaidi, ongozaneni nao hadi kule wanakochota sasa, iwe ni lambo, mto au kisima cha kienyeji, mkapime kwa saa muda wa kwenda, kupanga foleni na kurudi. Safari nzima ikizidi dakika 30, hata kama maji yenyewe ni safi, kaya hiyo haihesabiwi kuwa na huduma ya msingi kwa vipimo vinavyotumiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF.

Mtakayoyasikia huwa ni mambo ya aina tatu. La kwanza ni kwamba pampu iliharibika, na hilo ndilo jepesi kuliko yote. La pili ni kwamba maji yenyewe yana kasoro: yana chumvi, hukauka kila Oktoba, au yana madini ya chuma. Maji yenye chuma hutoka pampuni yakiwa meupe, yakikaa kwenye ndoo hugeuka rangi ya kutu, hutia madoa kwenye sare za shule na kuifanya chai iwe nyeusi kama wino. Mama atakayeacha pampu na kurudi lamboni kwa sababu hiyo si mjinga wala hakukosa elimu ya afya. Amekataa maji yanayomharibia nguo na chakula, na mafundi waliomletea kisima hicho walipaswa kupima kabla ya kuchimba.

Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara kuna kasoro nyingine isiyoonekana wala kuonjeka, nayo ni floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, watoto huota meno ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huathirika na miguu hupinda. Kuchemsha hakuiondoi, tena huizidisha, kwa sababu maji hupungua sufuriani na madini hubaki. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kwa kijiji kilicho katika ukanda huo ushauri wetu ni kupima kwanza. Majibu yakionyesha floraidi nyingi, kisima hicho kiachiwe kufua na kuoshea vyombo, na fedha zote zielekezwe kwenye chanzo kingine cha maji ya kunywa au kwenye uvunaji wa maji ya mvua.

Jambo la tatu ni ugomvi, na watu hulisema kwa sauti ya chini. Mwenye shamba alilolitoa kwa mdomo amefariki na watoto wake wameweka uzio. Au mweka hazina alihama na michango. Au pampu iliwekwa karibu na nyumba ya mkubwa fulani na wengine wakaona si yao. Hakuna kipuri kinachotengeneza hali hiyo. Yamalizeni kwanza kwenye mkutano, eneo la kisima na njia yake vipimwe kwa hatua na kuandikwa kwenye hati ya kuchangia ardhi yenye saini za familia husika, na muhtasari wa mkutano ubaki ofisi ya kijiji.

Hesabu ya foleni

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400 kutoka kwenye makazi. Vipimo hivyo vinasomeka vizuri kwenye karatasi, lakini hebu tuvipeleke pampuni. Watu 250 wakichota lita 25 kila mmoja wanahitaji lita 6,250, ambazo ni zaidi ya ndoo 312 za lita 20. Ikiwa kujaza ndoo moja na kuipisha inayofuata kunachukua dakika 2, pampu italazimika kupigwa bila kupumzika kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni hivi. Maana yake ni kwamba kisima kimoja kwa watu 250 tayari kimefika kikomo, na kitongoji chenye watu 600 kinachotegemea pampu moja kitaendelea kuchota lamboni hata mfufue pampu hiyo namna gani. Fanyeni hesabu hii mapema, kwa idadi ya watu iliyo kwenye rejista ya mwenyekiti wa kitongoji, ili mjue kama mnahitaji kufufua kisima kimoja au vitatu.

Kazi ya kisimani

Kazi hii ifanywe mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yameshuka kabisa. Kisima kilichochimbwa au kuongezwa kina wakati wa masika humdanganya fundi, kwa sababu maji aliyoyakuta mita ya 5 mwezi Aprili yatakuwa yameondoka mwezi Oktoba.

Pampu ikishatolewa, ondoeni maji na tope lote. Hapa pana hatari inayoua watu wazima wenye nguvu zao. Msiteremshe kisimani pampu ya injini ya petroli kwa hali yoyote, wala msiiweke kwenye mdomo wa kisima upande upepo unakotoka, kwa sababu moshi wake hauna njia ya kutoka na humzimisha aliye chini kabla hajapiga kelele. Anayeteremka afungwe kamba kifuani, watu wawili wasimame juu wameishika, na akinyamaza avutwe. Mwenzake asirukie ndani kumwokoa, maana hivyo ndivyo wanavyokufa wawili.

Kagueni makalavati, yaani zile pete za zege zilizopangwa kuzuia udongo usibomoke. Viungo vya mita 3 za juu vizibwe kwa saruji, na nafasi iliyo kati ya kalavati na udongo ishindiliwe udongo wa mfinyanzi, kwa kuwa humo ndimo maji machafu ya juu hupenya. Kisha jengeni sakafu ya zege isiyopungua mita 1.5 kila upande wa pampu, yenye ukingo na mteremko unaoyakusanya maji yaliyomwagika na kuyapeleka kwenye mfereji wa mita 5 hivi. Mwisho wa mfereji pandeni migomba au mchicha, maana maji yatakuwepo kila siku na dimbwi likiachwa wazi litazaa mbu. Mifugo ijengewe bakuli lake mbali na hapo, nje ya uzio. Msiseme ng'ombe hawatakuja, watakuja.

Baada ya ujenzi, kisima kioshwe kwa klorini, na hapa watu wengi hukadiria kwa macho. Hesabu yenyewe si ngumu. Chukueni kisima chenye kipenyo cha mita 1.2 na maji ya kina cha mita 3. Nusu ya kipenyo ni 0.6, zidisheni 0.6 kwa 0.6, kisha kwa 3.14, kisha kwa 3, mtapata mita za ujazo 3.39, yaani lita 3,390. Kwa kipimo cha miligramu 50 za klorini kwa kila lita, zinahitajika gramu 170 hivi za klorini halisi. Unga wa klorini unaouzwa kwa kazi hii huwa na nguvu ya asilimia 65 hadi 70, kwa hiyo mkiwa na ule wa asilimia 65, gawanyeni 170 kwa 0.65, mtapata gramu 260. Mpimaji avae glavu na kusimama upande upepo unakotoka, aweke maji kwenye ndoo ya plastiki kwanza ndipo atie unga, wala asimimine maji juu ya unga. Akishakoroga, aache chokaa itulie chini, kisha maji ya juu ndiyo yamiminwe kisimani na kusambazwa kwenye kuta. Pampu ifungwe kwa kufuli usiku kucha, saa 12 zisipungue, na siku inayofuata maji yapigwe na kumwagwa mbali na mto au bwawa la samaki mpaka harufu iishe. Kila nyumba iwe imearifiwa siku moja kabla ili iweke akiba ya maji.

Baada ya wiki moja hadi mbili, pelekeni sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyo karibu nanyi. Kipimo cha maji ya kunywa ni kwamba pasionekane bakteria hata mmoja wa kinyesi katika mililita 100. Chupa ya sampuli isifunguliwe hadi dakika ya kuijaza, ikae kwenye barafu, na ifike siku hiyohiyo. Sampuli iliyozunguka kwenye buti la pikipiki tangu asubuhi hadi jioni huzungumzia joto la buti, haizungumzii kisima.

Pampu na mpira wake

Pampu za mkono zilizoenea Tanzania ni za aina kadhaa, zikiwemo Afridev, SWN 80, na Nira AF 85 ambayo imezoeleka mikoa ya kusini, na vipuri vyake havibadilishani. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandika kwenye daftari la kisima ni aina ya pampu, kina cha bomba, na duka lililo karibu linalouza vipuri vya aina hiyo. Kama duka hilo liko mji wa mbali, nunueni seti mbili, moja ikae kijijini.

Tuichukue Afridev kwa mfano, kwa sababu ilibuniwa makusudi ili ifunguliwe na wanakijiji wenyewe kwa spana moja. Kifuniko cha juu hufunguliwa, mkono hutolewa, kisha rodi huvutwa moja baada ya nyingine, kila moja ina urefu wa karibu mita 3. Bomba la kupandishia maji hubaki kisimani, kwa kuwa pistoni hupita ndani yake. Rodi ya mwisho ikitoka, mwishoni mwake ndipo ilipo pistoni, na juu ya pistoni kuna mpira wenye umbo la kikombe kisicho na kitako. Mpira mpya una ukingo mkali unaokwaruza ukucha. Uliochoka ni laini, ukingo umelika upande mmoja, na ukiuzungusha kwenye mwanga utaona mistari iliyokatwa na mchanga. Mpira huo, vizibo vya valvu, pete ya valvu ya chini na bushi za plastiki zilizo kwenye mkono wa pampu hubadilishwa kila mwaka, hata kama bado vinafanya kazi, kwa sababu bushi ikiachwa mpaka iishe, chuma husagana na chuma, na hapo gharama si ya mpira tena.

Njia rahisi ya kujua hali ya pampu ni kuhesabu mipigo. Siku ilipofungwa vipuri vipya, mtu mzima mmoja apige kwa mwendo wa kawaida mpaka ndoo ya lita 20 ijae, na hesabu yake iandikwe. Mhudumu arudie kila mwanzo wa mwezi kwa ndoo ileile. Hesabu ikianza kupanda mwezi hadi mwezi, mpira unachoka. Maji yakichelewa kutoka asubuhi tu na baadaye kuwa sawa, valvu ya chini inavuja usiku. Fundi anayeitwa akiwa na taarifa hiyo huja na kipuri sahihi mkononi. Fundi anayeambiwa kwamba pampu ni mbovu huja mara mbili, na kila mara hudai nauli.

Nani anashika fedha

Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini inasimamiwa na RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyoanza kazi Julai 1, 2019, na kijijini uendeshaji hukabidhiwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wengi hukiita kwa kifupi chake cha Kiingereza, CBWSO. Chombo hicho husajiliwa, huwa na katiba na akaunti yake, na si sawa na zile kamati za zamani zilizotegemea hisani ya wajumbe. Kama kisima chenu hakimo chini ya chombo chochote, nendeni ofisi ya meneja wa RUWASA wa wilaya mkaombe kiingizwe kwenye kilichopo jirani au mwelekezwe namna ya kuunda chenu. Kisima kimoja peke yake mara nyingi hakiwezi kumlipa fundi, lakini visima 10 vya vijiji jirani vinaweza.

Kuhusu kiwango cha mchango, anzeni na matumizi ndipo mje kwenye mapato. Orodhesheni bei ya vipuri vya mwaka, malipo ya fundi, posho ya mhudumu, klorini, gharama ya maabara, na akiba ya siku pampu nzima itakapohitaji kubadilishwa. Jumla yake igawanywe kwa kaya. Kaya 50 zikitoa shilingi 1,000 kila mwezi, mwaka mmoja huleta shilingi 600,000, na kwa hesabu hiyo mkutano utajua kama kiwango kinatosha au kinapwaya. Utaratibu wa kulipa kwa ndoo hufaa penye mhudumu anayekaa kituoni siku nzima. Penye pampu ya mkono isiyo na mhudumu wa kukaa hapo siku nzima, ada ya mwezi au ya msimu ni bora. Mtwara na Lindi, kwa mfano, mkulima wa korosho hana fedha mwezi Mei lakini anayo minada inapofunguliwa kuanzia Oktoba, kwa hiyo ni busara kukusanya ada ya mwaka mzima wakati huo kuliko kumfuata kila mwezi na kumwita mdaiwa.

Msamaha kwa wasiojiweza utolewe na mkutano, kwa majina, na uandikwe. Ukiachwa mikononi mwa mtu mmoja utawafikia ndugu zake kwanza. Mapato na matumizi yasomwe kila baada ya miezi 3 na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, pamoja na salio lililoko benki na stakabadhi za vipuri. Mwanamke akichaguliwa kuwa mweka hazina, apewe na daftari, funguo na haki ya kutia saini benki, maana tumeona wengi waliochaguliwa kwa ajili ya kutimiza idadi huku fedha zikishikwa na katibu.

Choo kisikitilie sumu kisima

Kisima huchimbwa kiangazi, lakini kina cha shimo la choo hupimwa masika, wakati maji ya ardhini yamepanda. Kitako cha shimo kiwe juu ya maji hayo kwa angalau mita 1.5, na choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko. Pale maji yalipo karibu na uso wa ardhi, kama ilivyo katika mabonde mengi na sehemu za pwani, msichimbe zaidi. Inueni choo juu ya tuta lililojengewa kwa matofali, hata kama ngazi zitaonekana za ajabu. Mkikuta choo cha zamani kimo ndani ya mita 30 za kisima mnachokifufua, choo ndicho kihame, na kijiji kimsaidie mwenyewe kuchimba kingine, kwa sababu hakukosea yeye peke yake.

Ukubwa wa shimo nao una hesabu yake. Mtu mmoja hujaza takribani mita za ujazo 0.06 kwa mwaka. Familia ya watu 6 hujaza 0.36. Shimo la mviringo lenye kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 3, likiachiwa nusu mita ya juu, lina nafasi ya mita za ujazo 2.8 hivi, na litatumika karibu miaka 8 ikiwa halitatupiwa takataka. Penye udongo wa kichanga, shimo lisipojengewa kwa matofali au mawe kuanzia chini, halitamaliza masika mawili. Likijaa kijijini penye nafasi, lifukiwe kwa udongo na majivu, mche wa mpapai au mgomba upandwe juu, na lingine lichimbwe. Msifuate mtindo wa kutapisha choo mvua ikinyesha, unaofanyika kwenye baadhi ya mitaa ya mijini, ambapo shimo hutobolewa ili kinyesi kiondoke na mafuriko. Kinachoondoka huko hufika kwenye kisima cha mtu mwingine.

Sakafu ndiyo inayotofautisha choo bora na shimo. Sakafu ya miti na udongo haioshiki, huhifadhi mayai ya minyoo, na mchwa wakishaila humtumbukiza mtu. Sakafu ya zege ya mviringo iliyoinuka katikati kama sufuria iliyofunikwa, ambayo ilienezwa kutoka Msumbiji, haihitaji nondo, na fundi wa kijijini akifundishwa siku mbili huweza kuifinyanga juu ya tuta la mchanga. Zege ifunikwe kwa magunia na kumwagiliwa siku 7 kabla ya kubebwa. Tundu lisizidi upana wa sentimita 18 hivi, kwa kuwa mtoto anayeogopa kutumbukia atajisaidia nyuma ya nyumba, na kila tundu liwe na kizibo chenye mpini. Mwenye uwezo aongeze bomba la hewa lenye kipenyo cha inchi 4 hadi 6, lipite juu ya paa kwa nusu mita, na ncha yake ifungwe wavu usiooza. Ndani ya choo pawe na giza kiasi, ili nzi waliomo shimoni waufuate mwanga wa bomba na kufia wavuni. Ubunifu huo ulifanyika Zimbabwe miaka ya 1970 na bado hatujapata wa bei nafuu unaoushinda. Choo cha bomba hakizibwi tundu, kwa sababu hewa ndiyo inayosukuma harufu nje. Hili huwachanganya wengi waliofundishwa kufunika kila tundu.

Kuhusu kuwashawishi watu, nchi hii ina uzoefu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na walitoka hapo wakaenda kuchimba. Siku hizi hutumika zaidi njia iliyoanzia Bangladesh mwaka 2000, ya kuwatembeza wanakijiji hadi vichakani wanakojisaidia ili waone wenyewe jinsi nzi wanavyotoka hapo kwenda kwenye chakula. Njia hiyo huamsha watu, hilo hatulipingi. Tunachokipinga ni faini na kutangazwa majina kunakofuata, ambako humwangukia bibi kizee anayeishi na wajukuu kabla ya kumfikia mwenye ng'ombe 40 asiye na choo. Nyumba kama ya bibi huyo ichimbiwe kwa msaragambo, siku moja inatosha.

Shuleni kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, pamoja na chumba chenye maji na mlango unaojifunga kwa ndani ambamo msichana aliye kwenye hedhi anaweza kujisafisha. Kinyesi cha mtoto mchanga, ambacho wengi hukiona hakina madhara, kitupwe chooni kama cha mtu mzima.

Kutoka kisimani hadi mdomoni

Utafiti uliofanyika kwenye chemchemi za magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kuijengea chemchemi kulipunguza uchafuzi wa kinyesi kwa karibu theluthi mbili pale kwenye chanzo, lakini ndani ya nyumba za wachotaji upungufu ulikuwa mdogo zaidi. Maji yalichafukia njiani na nyumbani. Kwa hiyo dumu lioshwe kila wiki kwa sabuni na kokoto, likitikiswa mpaka ule ute wa kijani wa ndani utoke, na majani yanayotumbukizwa ndani ili maji yasimwagike yabadilishwe na kizibo halisi. Maji ya kunywa yakae kwenye chombo chake chenye kifuniko na koki. Asiye na koki atumie kata yenye mpini mrefu inayotundikwa, isiyolazwa juu ya kifuniko.

Mpaka majibu ya maabara yawe mazuri, na kila masika baada ya hapo, maji ya kunywa yatibiwe nyumbani. Yakichemshwa, yafikie kutokota kwa dakika 1 na kuachwa yapoe yakiwa yamefunikwa. Vidonge vya klorini vya miligramu 67 hutumika kimoja kwa lita 20 za maji maangavu, kisha husubiriwa dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwa sababu tope huila klorini kabla haijaua vijidudu. Asiye na kuni wala vidonge ajaze chupa angavu za plastiki zisizozidi lita 2 na kuzilaza juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku 2 kukiwa na mawingu.

Nje ya choo pawekwe kibuyu chirizi. Dumu la lita 5 hutobolewa kwa msumari wa moto sentimita 10 hivi chini ya kizibo, hutundikwa kwenye mti mlalo kati ya nguzo mbili, na kamba hufungwa shingoni na kuteremka hadi kwenye kijiti kinachokanyagwa kwa mguu, ili mkono mchafu usiguse dumu. Kipande cha sabuni kitobolewe na kuning'inizwa kando, chini ya kopo lililopinduliwa, la sivyo mvua au kuku watakimaliza. Kokoto chini zitazuia tope. Likijazwa asubuhi na watoto wakati wa kufagia uwanja, hutosha kaya mpaka jioni.

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ikishapita, rudini kisimani na chupa nne za sampuli. Moja ijazwe pampuni, tatu zijazwe kutoka kwenye ndoo za kunywa za nyumba tatu zilizochaguliwa bila taarifa, moja ikiwa ya mjumbe wa CBWSO. Majibu yake yabandikwe kwenye ubao uleule wa mapato na matumizi.